Kiunzi kipi kimfae mwanagenzi wa kuunda tovuti?

MWANAGENZI anayejifunza kuunda tovuti hukumbana na swali la kiunzi mapema mno, mara nyingi kabla hajaandika hata ukurasa mmoja unaofanya kazi. Akiuliza darasani huambiwa ashike Laravel. Akimuuliza rafiki aliyeajiriwa na kampuni ya teknolojia huambiwa Laravel ni ya wazee, ajifunze React. Wa tatu humsifia Django, wa nne Spring. Mwamba ngoma huvutia kwake, na katika fani hii waamba ngoma ni wengi. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi huanza masomo manne asimalize hata moja, na baada ya miezi sita hana cha kumwonyesha mwajiri wala mteja.

Neno lenyewe lafaa kutazamwa kwanza. Fundi wa nyumba hulijua kiunzi kuwa ni mfumo wa miti unaoshikilia jengo kabla ya kuta kukandikwa. Mwanafunzi wa chuo kikuu hukutana nalo katika kiunzi cha nadharia. Mashabiki wa riadha nao huita viunzi vile vizuizi ambavyo Wakenya wamezoea kuviruka katika mbio za mita 3,000. Katika utayarishaji wa programu, maana inayokusudiwa ni ile ya fundi. Hata hivyo, anayeingia bila maandalizi hujikuta katika ile ya mwanariadha.

Kwa ufupi, kiunzi ni mkusanyiko wa misimbo iliyokwisha kuandikwa, pamoja na utaratibu wa kupanga kazi, ambao mtayarishaji programu hujenga tovuti yake juu yake. Hutofautiana na maktaba ya kawaida ya misimbo kwa jambo moja. Maktaba huitwa na msimbo wa mwandishi pale anapoihitaji, ilhali kiunzi ndicho huuita msimbo wa mwandishi kwa wakati kinaoutaka chenyewe. Anayechagua kiunzi, basi, huwa amekubali kufuata mpangilio wa mtu mwingine, na ni haki yake kuujua kabla ya kutia sahihi.

Kazi inayofichwa

Ili kuelewa faida ya viunzi, ni vyema kufuata safari ya ombi moja. Mtu anapoandika anwani ya tovuti katika kivinjari cha simu yake, kivinjari hutuma ujumbe mfupi wa maandishi kwa tarakilishi iliyo mbali, yaani seva. Ujumbe huo hutaja ukurasa unaotakiwa na kueleza iwapo mtumaji anataka kusoma tu au anawasilisha kitu. Seva husoma ujumbe, hutafuta data inayohitajika, hutunga ukurasa na kuurudisha pamoja na nambari inayoeleza jinsi mambo yalivyokwenda: 200 ikiwa yote ni sawa, 404 ikiwa ukurasa haupo, 500 ikiwa seva yenyewe imekwama. Baada ya kujibu, seva humsahau kabisa aliyeuliza. Utaratibu huu huitwa HTTP, na ndio msingi wa wavuti tangu Tim Berners-Lee alipoubuni akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN nchini Uswisi.

Chukulia chama cha akiba chenye wanachama 40 kinachotaka tovuti ya kuonyesha michango. Kwa lugha ya PHP pekee, bila kiunzi chochote, mwanagenzi anaweza kuandika ukurasa wa kuorodhesha michango hiyo kwa mistari michache tu. Furaha hiyo hudumu siku mbili tatu. Mweka hazina anataka fomu ya kuingiza mchango mpya. Kisha inaamuliwa kwamba kila mwanachama aone rekodi zake tu, kwa hivyo panahitajika nywila, na kwa kuwa seva husahau, panahitajika pia njia ya kumkumbuka aliyekwisha kujitambulisha. Halafu mwenyekiti anataka faini za kuchelewa zionekane kando ya michango, jambo linalomaanisha kuongeza safu katika jedwali la hifadhidata bila kuharibu rekodi zilizomo. Kufikia hapo, mistari ya kuunganisha ukurasa na hifadhidata imenakiliwa katika faili 12, na kosa likirekebishwa katika moja hubakia katika nyingine 11.

Hapo ndipo thamani ya kiunzi huonekana. Kiunzi humpa mwandishi mahali pamoja pa kutaja kila anwani ya tovuti na msimbo unaoishughulikia. Humpa violezo vya kurasa ili kichwa na menyu viandikwe mara moja tu. Humwezesha kuandika mabadiliko ya majedwali kama hatua zinazoweza kurudiwa katika tarakilishi nyingine. Isitoshe, humkumbuka aliyeingia kwa nywila.

Lakini manufaa makubwa zaidi ni ya usalama. Mwanagenzi anayeunganisha maneno ya fomu moja kwa moja na amri za hifadhidata huwa amewaachia wadukuzi mlango wazi, kwa maana mtu anaweza kuandika amri ndani ya kisanduku cha jina na hifadhidata ikaitii. Django na Laravel, zikitumiwa jinsi zilivyokusudiwa, hutenganisha maneno ya mtumiaji na amri zenyewe. Aidha, hazihifadhi nywila jinsi ilivyoandikwa. Huisaga kwanza kwa hesabu maalum isiyoweza kurudishwa nyuma, hivi kwamba hata mwizi wa hifadhidata hapati nywila zenyewe. Jambo hili si la kinadharia. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humwajibisha anayehifadhi habari za watu, na faini yake yaweza kufika Sh5 milioni. Orodha ya wanachama 40, pamoja na nambari zao za simu na za vitambulisho, ni data ya kibinafsi kama ilivyo ile ya benki.

Kila kiunzi na kwao

Viunzi mashuhuri havikubuniwa na watu walioketi kuwaza kiunzi bora. Vingi vilichomolewa kutoka kwa kazi iliyokuwa ikifanywa, na kila kimoja kingali na alama za kazi hiyo.

Django ni mtoto wa chumba cha habari. Adrian Holovaty na Simon Willison walianza kuitengeneza mwaka wa 2003 wakiwa katika gazeti la Lawrence Journal-World, jimbo la Kansas, Marekani. Wahariri walikuwa wakiagiza sehemu mpya za tovuti na kuzitaka kwa siku chache, pengine saa chache, kwa sababu habari haingoji. Ilipotolewa kwa umma mwaka wa 2005, ilipewa jina la mpiga gitaa Django Reinhardt. Asili yake huonekana hadi leo katika ule ukurasa wa usimamizi unaojiunda wenyewe. Mwandishi akishaeleza kwamba mchango una mwanachama, kiasi na tarehe, Django humpa bila kazi zaidi ukurasa ambamo mweka hazina anaweza kuongeza, kusahihisha na kufuta rekodi. Kwa gazeti, huyo mweka hazina alikuwa mhariri. Kazi yoyote ambayo kiini chake ni watu wachache kuingiza rekodi na wengi kuzisoma, iwe ya shule, zahanati au chama, hukaa vizuri ndani ya Django.

Ruby on Rails ilichomolewa na Mdenmarki David Heinemeier Hansson kutoka kwa Basecamp, programu ya kusimamia miradi ya kazi, na ikatolewa mwaka wa 2004. Mwaka uliofuata Hansson alirekodi video akiunda tovuti ya shajara kwa dakika 15. Video hiyo ilibadilisha fani nzima, ila pia iliacha dhana potovu ambayo haijaisha: kwamba ubora wa kiunzi hupimwa kwa wepesi wa dakika 15 za kwanza. Dakika hizo ni rahisi katika kila kiunzi. Ugumu huanza wiki ya tatu, pale mwenye tovuti anapotaka jambo ambalo halikuwamo katika video.

Laravel, iliyotolewa na Mmarekani Taylor Otwell mwaka wa 2011, iliingiza mawazo mengi ya Rails katika lugha ya PHP, ambayo tayari ilikuwa katika seva nyingi za bei nafuu. React nayo ilitoka Facebook mwaka wa 2013. Tatizo lililokuwa likitatuliwa huko lilikuwa la ukurasa mmoja wenye sehemu nyingi zinazobadilika kila mara bila ukurasa wote kupakiwa upya: ujumbe unaingia, idadi ya arifa inapanda, maoni yanaongezeka. Kwa hakika watayarishaji wake huiita maktaba. Haina hifadhidata wala haihifadhi nywila. Huchora tu kile mtu anachokiona katika kivinjari.

Ukweli huu mmoja ungewaokoa wanagenzi wengi. Anayeanza na React akidhani amepata kila kitu hugundua baadaye kwamba michango ya chama haina pa kukaa, na kwamba lazima ajifunze kiunzi cha pili cha upande wa seva, kisha namna ya kuviwezesha viwili hivyo kuzungumza. Badala ya tovuti moja anajikuta anajenga mbili. Ilhali chama chake hakina sehemu hata moja inayobadilika kila sekunde.

Lugha hudumu, viunzi hupita

Kisa cha Ushahidi ni cha nyumbani na kina funzo kubwa. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 27, 2007, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walishirikiana na wenzao kuzindua tovuti ya kukusanya ripoti za wananchi kuhusu matukio na kuzionyesha katika ramani. Hiyo ilikuwa Januari 2008. Programu hiyo ilisambazwa bure baadaye na ikatumiwa katika mataifa mengi, hasa ilipotokea mikasa kama tetemeko la ardhi la Haiti mwaka wa 2010.

Programu iliyosambazwa ilijengwa juu ya kiunzi cha PHP kiitwacho Kohana, kilichochipuka kutoka kwa CodeIgniter. Wakati huo Kohana ilikuwa chaguo la busara: nyepesi, safi na yenye wafuasi. Lakini toleo lake la tatu liliandikwa upya kiasi kwamba msimbo wa toleo la pili haukuweza kuhamishwa bila kazi kubwa, na kufikia mwaka wa 2017 kiunzi hicho kilikuwa kimetangazwa kuwa hakiendelezwi tena. Ushahidi ikalazimika kuhama, na makao yake mapya yakawa katika familia ya Laravel.

Wahandisi wa Ushahidi walipoteza kiunzi. Lugha yao, PHP, haikwenda popote. Ujuzi wa hifadhidata, wa HTTP na wa kupanga msimbo walihama nao. Aliyekuwa akiijua Kohana peke yake ndiye angebaki mikono mitupu.

Hata makampuni makubwa hayatoi dhamana. Google ilitoa AngularJS mwaka wa 2010, ikapendwa kote duniani, na kozi zikauzwa. Septemba 2016 ikaja Angular mpya iliyoandikwa upya, isiyopatana na ile ya awali, na mwishoni mwa 2021 ya zamani ikaachwa bila marekebisho ya usalama. Linganisha na umri wa lugha zenyewe. Python ilitolewa mwaka wa 1991. PHP, JavaScript na Ruby zote zilifika kwa umma mwaka wa 1995. Zote nne zingali kazini.

Kwa sababu hiyo, mwanagenzi anayeuliza kiunzi kipi huwa ameruka swali lililotangulia, yaani lugha ipi. Na jibu la swali hilo kwa kawaida analo tayari: ni ile aliyoanza kujifunza. Aliyefundishwa Python chuoni hana sababu ya kuiacha ili afuate Laravel, wala mwenye PHP hahitaji kuitupa kwa kuona aibu. Kudharau PHP ni mtindo wa mazungumzo miongoni mwa watayarishaji programu, wateja hawaujui.

Mlango uliofungwa

Hoja ya kujua kilicho chini ya kiunzi huonekana wazi zaidi pale tovuti inapoanza kupokea pesa. Turudi kwa chama. Wanachama wanataka kutoa mchango kwa M-Pesa kutoka katika tovuti yenyewe. Tangu mwaka wa 2017, Safaricom imekuwa na huduma iitwayo Daraja inayowawezesha watayarishaji programu kuunganisha tovuti zao na M-Pesa, pamoja na uwanja wa majaribio usiotumia pesa halisi. Daraja haijali kiunzi. Hupokea na kutuma ujumbe kwa HTTP, basi lugha yoyote inaweza kuzungumza nayo.

Mambo huenda hivi. Seva ya chama hutuma ombi lenye nambari ya simu, kiasi, na anwani ambako jibu litaletwa. Simu ya mwanachama huonyesha kisanduku cha kuandika nambari ya siri. Akishathibitisha, au akikataa, mitambo ya Safaricom hutuma matokeo kwa ile anwani iliyotajwa. Nambari ya matokeo ikiwa sufuri, malipo yamefaulu.

Mwanagenzi anayetumia Django au Laravel kwa mara ya kwanza hukutana hapa na fumbo. Simu inaita, pesa zinatoka, lakini tovuti haipati habari. Mwanachama amelipa na rekodi yake ingali tupu. Sababu ni kwamba viunzi hivi viwili hukataa fomu yoyote inayowasilishwa bila alama ya siri ambayo kiunzi chenyewe kiliiweka katika ukurasa. Kinga hiyo huzuia tovuti ya mlaghai kutuma maagizo kwa jina la mtu aliyekwisha kuingia. Mitambo ya malipo haikufungua ukurasa wowote wa chama, hivyo haina alama hiyo. Django huirudisha kwa nambari 403, Laravel kwa 419, na mwanagenzi haoni chochote kwa sababu kosa limetokea kati ya mashine mbili.

Anayeielewa kinga hiyo huifungua kwa anwani moja tu, ile ya matokeo ya malipo, na kuziacha nyingine zikilindwa. Asiyeielewa hutafuta jibu mtandaoni, hukuta mstari wa kuizima kinga kwa tovuti nzima, huunakili, na huona kila kitu kikifanya kazi. Ameshusha ua wote ili kuku mmoja apite.

Na hata aliyeifungua vizuri bado hajamaliza. Anwani ile sasa ni mlango ambao yeyote anayeujua anaweza kuubisha. Mtu akitunga ujumbe unaofanana na wa malipo, wenye nambari sufuri na kiasi cha Sh10,000, tovuti inayoamini kila ujumbe itamwandikia mchango ambao hakuutoa. Dawa ni kulinganisha nambari ya utambulisho iliyorudishwa na ile iliyohifadhiwa ombi lilipotumwa, kuangalia kama kiasi kinalingana, na kuiuliza Daraja yenyewe hali ya malipo kabla ya kuandika rekodi. Hakuna kiunzi kitakachomfanyia mwandishi kazi hiyo, kwa kuwa hakuna kinachojua kwamba ujumbe huo ni pesa za watu.

Hii ndiyo sababu ushauri wa kuanza bila kiunzi kwa wiki chache una uzito. Si lazima mtu ajenge tovuti nzima kwa mkono. Inatosha aandike fomu moja, aipokee, aihifadhi, aione ikirudi, na afungue zana za kivinjari kutazama ombi na jibu zikipita. Baada ya hapo, kila anachofanyiwa na kiunzi hukitambua kwa jina.

Seva, kipakatalishi na vifurushi

Kuna mambo ya mfuko ambayo vitabu vya ng'ambo huyapita haraka. La kwanza ni mahali pa kuiweka tovuti. Huduma nyingi za bei nafuu ni za seva inayoshirikiwa na wateja wengi, na karibu zote hubeba PHP pamoja na hifadhidata ya MySQL. Hii ni kwa sababu PHP huamka ombi linapofika na kulala likishajibiwa. Django, na viunzi vinavyotumia Node.js, huhitaji programu inayobaki macho katika kumbukumbu ya seva muda wote, jambo ambalo seva nyingi za kushirikiwa ama hazilikubali ama hulikubali kwa mizengwe. Anayewalenga wateja wadogo, kama vile maduka, makanisa na shule za chekechea, atagundua kwamba wengi wao tayari wana seva ya aina hiyo, na Laravel au hata PHP tupu itamwepushia mazungumzo marefu kuhusu gharama.

La pili ni vifurushi vya data. Mradi wa JavaScript wa siku hizi hupakua mamia ya vipande vidogo vya misimbo ya watu wengine hata kabla ya mstari wa kwanza kuandikwa, na folda inayovihifadhi hufikia mamia ya megabaiti kwa urahisi. Django hupakuliwa mara moja na ni ndogo. Mwongozo wake wote unaweza kupakuliwa pia na kusomwa bila mtandao, huduma ambayo anayenunua data kwa siku huithamini kuliko sifa yoyote ya kiufundi.

Kuhusu kasi, mwanagenzi hana haja ya kukosa usingizi. Facebook ilipotangaza kuinunua Instagram Aprili 2012, huduma hiyo ilikuwa na wafanyakazi 13 na watumiaji takriban milioni 30, na ilijengwa kwa Django. Chama cha watu 40 hakitaichosha.

Ajira na uchaguzi wenyewe

Wapo wanaochagua kwa kutazama ajira, na hawakosei, mradi watazame ajira za pale walipo. Katika sekta ya afya, kwa mfano, Java ina mizizi mirefu nchini. OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa ambayo mpango wa AMPATH wa Eldoret ulikuwa miongoni mwa waasisi wake, imejengwa kwa Java na kiunzi cha Spring, na KenyaEMR inayotumiwa katika vituo vingi vya afya ni tawi lake. DHIS2, inayotoka Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo Kenya iliianzisha kitaifa mwaka wa 2011 kwa takwimu za afya, ni ya Java vilevile upande wa seva, na upande wa kivinjari hutumia React. Mtu anayetamani kazi hizo asipoteze mwaka katika Laravel kwa sababu tu ni nyepesi. Ifahamike, hata hivyo, kwamba Spring si mahali pa kuanzia kwa asiyeimudu Java yenyewe. Makosa yake huja kwa mistari mingi mno, na mgeni hajui aanzie wapi kuisoma.

Asiye na mwelekeo maalum na aifuate lugha yake. Mwenye Python anaweza kuanza na Flask, kiunzi kidogo kilichotolewa na Armin Ronacher mwaka wa 2010, ambacho tovuti yake ya kwanza hutosha katika faili moja na hakimfichi mwandishi mengi, kisha ahamie Django atakapochoka kujitengenezea kila kitu. Mwenye PHP aelekee Laravel. Mwenye JavaScript yuko katika njia panda ngumu zaidi, kwa maana upande wa seva Express humwachia maamuzi mengi ambayo hajawa na uzoefu wa kuyafanya: hifadhidata ipi, nywila zishughulikiwe vipi, faili zipangwe namna gani. Uhuru huo ni neema kwa mkongwe. React naye aje baada ya kuimudu JavaScript kavu, si kabla.

Anayesitasita kati ya viwili anaweza kuvijaribu kwa wikendi mbili. Ajenge kitu kimoja katika vyote: kuingia kwa nywila, orodha ya michango, fomu ya kuongeza, na ukurasa wa mwanachama mmoja. Halafu aharibu kitu kwa makusudi, kama vile kukosea jina la safu ya jedwali, asome ujumbe wa kosa. Kiunzi ambacho makosa yake yanasomeka na kueleweka kina faida kubwa kwa mtu anayejifunza peke yake usiku, wakati hakuna wa kumpigia simu.

Mwisho, atazame tarehe. Viunzi vinavyotunzwa vyema hutangaza mapema toleo fulani litalindwa hadi lini. Django 5.2, iliyotolewa Aprili 2025, itapokea marekebisho ya usalama hadi Aprili 2028. Laravel hutoa toleo kubwa takriban kila mwaka na kulilinda kila moja kwa miaka miwili. Kiunzi kisichotaja tarehe yoyote, na ambacho msimbo wake haujaguswa kwa miaka miwili au mitatu, kinaelekea ilikokwenda Kohana. Masomo ya mtandaoni nayo hupitwa na wakati kimyakimya, na mwanagenzi hudhani yeye ndiye asiyeelewa. Walezi wa React, kwa mfano, waliacha kupendekeza zana ya kuanzishia miradi iitwayo Create React App mnamo Februari 14, 2025, lakini video zinazoanza nayo zingali nyingi mno. Anayemwona mwalimu akiianza hatua ya kwanza kwa zana hiyo, afunge somo hilo atafute lililo jipya zaidi.